Unanisanifu?

Barua ya kumhamisha mama mdogo niliiandika na kuisaini mimi mwenyewe, kwa kompyuta ya ofisi, na sikukosea hata nukta. Mkurugenzi wetu wa jiji alikuwa ameipania ile heshima ya kimataifa, Jiji la Usanifu, na waamuzi watatu walikuwa njiani kuja kutukagua. Kichochoro cha mafundi nyuma ya ofisi, alisema, kinatutia aibu. Kizibwe kwa turubai lenye picha ya maghorofa, na ugeni ukiisha mafundi wafunge virago.

Fundi wa kwanza kichochoroni ni mama mdogo, aliyenilea na kunisomesha kwa kushona mahema na viti vya magari. Nilimpelekea barua kwa mkono wangu, maana ningemtuma tarishi ningejiona mwoga. Aliisoma amesimama, kisha akaitoa sindano mdomoni.

"Jiji la nini?"

"La Usanifu, mama."

"Mwanangu, unanisanifu?"

Neno lenyewe lina sura mbili. Ofisini, kusanifu ni kuchora na kupanga vitu vipendeze na vifae. Mtaani, kumsanifu mtu ni kumkejeli huku unamchekea. Tulikuwa tumeandika kurasa tisini za maombi na hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka maana ya pili. Nilirudi ofisini nimenywea.

Vituko havikuishia hapo. Mjini kwetu, mtu wa kushona turubai la mita arobaini ni mmoja tu, na mkurugenzi akanituma nikampe kazi hiyo mama mdogo huyo huyo. Nilidhani atanitimua. Akachukua vipimo, akauliza picha inaanzia wapi, akakaa kwenye cherehani.

"Wateja wangu watapita wapi?"

"Hawatapita, mama. Ndiyo kazi ya turubai."

"Haya," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Siku ya ugeni turubai lilisimama limekazwa kila kona, maghorofa yanang'aa. Mkurugenzi alikuwa anamimina sifa, mimi nyuma yake nimebeba mafaili, mara ghorofa la katikati likafunguka. Mlango wake wa kuchorwa ulikuwa na zipu ya kweli. Akatoka bwana mmoja na kiti cha pikipiki kwapani, kimeshonwa upya. Akatusalimia, akaifunga zipu vizuri, akaenda zake.

Mwamuzi mrefu kuliko wenzake akaisogelea. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Juu palishonwa kijipaa cha kukinga mvua, na chini upindo uliojazwa mchanga ili upepo usiupeperushe mlango. Akainama akaingia, nasi tukamfuata mmoja mmoja.

"Nani kausanifu mlango huu?" aliuliza kupitia kwa mkalimani wao, mama wa miwani aliyejifunza Kiswahili vitabuni.

"Ofisi yangu," mkurugenzi alijibu, macho makavu.

Mama mdogo akainua uso kutoka kwenye cherehani. "Mheshimiwa, unanisanifu?"

Mafundi wakajiuma midomo. Mkalimani hakuona cha kuchekesha. Alilifasiri swali kwa maana ya kitabuni, polepole, na yule mwamuzi akavua kofia, akaandika.

Baada ya miezi mitatu ripoti ikaja, na heshima tukaipata. Ukurasa wa kwanza ulisema fundi mmoja alimuuliza kiongozi wake kama anaposanifu jiji anamsanifia yeye pia. Jiji ambalo watu wake huuliza hivyo hadharani, waliandika, linastahili jina hilo, mradi kichochoro kile kisiguswe na swali liandikwe mbele ya ofisi, neno kwa neno. Mkurugenzi angesahihisha vipi? Aseme alikuwa anaulizwa kama anamkejeli fundi? Akayasaini masharti hayo.

Sasa UNANISANIFU? imetanda juu ya lango letu, kila herufi urefu wa mtu. Wapita njia wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mkurugenzi huingilia mlango wa nyuma, na kwa kuwa huko ni kichochoroni, kila asubuhi inambidi amwamkie mama mdogo.

Bango hilo alilishona mama mdogo; siku nilipokwenda kulichukua, nilimkuta bado anakata kitambaa cha nukta ya ile alama ya kuuliza, akifuatisha karatasi aliyoikata duara. Niliigeuza ile karatasi. Ilikuwa barua yangu, saini yangu katikati. Machozi yakanitoka.

"Nisamehe, mama."

"Karatasi yenyewe ngumu, inakatika vizuri," alisema. "Ukiandika nyingine, niletee."