Kiti cha Mbele cha Mama

Mama alikufa Jumanne kabla ya adhuhuri, akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatunga uzi kwenye sindano. Binti yake, fundi wa meno bandia, alikuwa upande wa pili wa chumba akisugua kwa msasa meno ya chini ya mwoka mikate. Aliposikia pumzi imekatika aliinua kichwa, akazima mota, akaenda kumshika mama mkono. Mkono ulikuwa umeanza kupoa. Mama aliuchomoa taratibu, akamalizia kutunga uzi, akapiga fundo.

"Nimekufa," alisema. "Lakini silali mpaka nimwone Kipanga."

Daktari wa mtaani alikuja baada ya chakula. Alitafuta mapigo, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akamulika macho kwa tochi ndogo. Kisha akakusanya vifaa vyake bila haraka.

"Amekufa, hilo halina ubishi. Wengine hulala papo hapo, wengine humngoja mtu. Mwiteni huyo mtu. Na msimweke karibu na jiko."

Kipanga alikuwa mtoto wa kwanza, mkaguzi wa lifti katika kampuni moja ng'ambo. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu tangu aanze kazi alikuwa hatui. Kampuni ilimlipia safari, na kwa kila safari shirika la ndege lilimwandikia maili. Maili zikitosha, hugeuka tikiti ya bure. Kuzigeuza kwa faida ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili, ingawa waliomfahamu walisema ni ya kwanza. Alijua ndege ipi ina kiti kinachofunguka kikawa kitanda, na njia ipi ya kuzunguka inakula maili chache kuliko njia iliyonyooka. Wenzake kazini walimwuliza yeye kabla ya kumwuliza wakala wa tikiti. Zake mwenyewe alikuwa hajazigusa. Alimwahidi mama kwamba siku moja zitampandisha ndege, tena kwenye kiti cha mbele, si kule nyuma jirani na choo.

Mama alifanya kazi ya kupanga barua posta mpaka akastaafu, na dunia aliijua kwa stempu zake. Alipopewa ahadi ile alikwenda kutengeneza pasipoti, akapanga sanduku, akalisukuma chini ya kitanda. Pasipoti iliisha muda, akatengeneza nyingine. Sanduku hakulifungua.

Jioni ile fundi wa meno alipiga simu.

"Kaka, mama amekufa."

Nyuma ya Kipanga ilisikika sauti ya mwanamke akitangaza mlango wa kupandia ndege.

"Lini?"

"Leo mchana."

"Tunazika lini?"

"Hatuwezi kuzika. Amekaa. Anasema hatalala mpaka akuone."

"Amekaa wapi?"

"Kwenye kiti chake. Anafuma soksi."

Kipanga alishusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Kumbe hakuna haraka."

Akamweleza, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma saa. "Sikiliza, mdogo wangu. Huu ni msimu wa likizo, tikiti ya kulipia inauzwa bei ya kuruka. Hapo ndipo maili huwa na thamani, maana zinakununulia kitu ghali. Lakini viti vya maili kwenye ndege ni vya kuhesabu, na msimu huu wamevifunga. Vilivyobaki wanataka maili mara tatu. Mara tatu! Nikikubali nitakuwa nimemwaga jasho la miaka."

"Likizo zikiisha?"

"Watavifungua."

"Basi utakuja."

"Ila tikiti nayo itakuwa imeshuka. Kutumia maili kwenye tikiti rahisi ni hasara tupu."

"Basi lipa fedha uje."

"Nilipe fedha na maili ninazo?"

Fundi wa meno alikuwa mtu wa vipimo. Meno yakizidi kwa unene wa karatasi tu, mteja hawezi kufunga mdomo. Aliyaweka maneno ya kaka yake juu na chini, akaona hayaumani.

"Kwa hiyo tikiti ikiwa ghali hakuna kiti, na kiti kikiwepo tikiti si ghali. Siku ya kuja ni ipi?"

"Ipo hapo katikati. Inataka subira tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, dada. Na akiba haiozi."

"Mama naye hajaoza," alisema fundi wa meno. "Lakini usimjaribu."

Mama hakula wala hakunywa, na wala hakusumbua. Baridi ilitoka miguuni pa kiti chake ikatambaa sakafuni mpaka kwenye meza ya kazi. Plasta ya kutengenezea taya, iliyozoea kushika kabla chai haijapoa, sasa ilibaki tope hadi kesho yake. Fundi wa meno akawa anaikorogea jikoni.

Kisha taya zikaanza kugeuka. Rafuni palikuwa na taya za plasta za wateja wote wa mtaa, nakala za vinywa vyao, nazo siku zote zilipangwa zikitazama mlango. Asubuhi moja alizikuta zote zimegeukia kiti cha mama, zimeachama kidogo. Akazirudisha moja moja. Kesho yake zilikuwa zimegeuka tena. Siku ya tatu aliziacha, akaandika majina ya wateja upande wa nyuma ili aweze kuyasoma bila kuzigusa.

Wateja walimzoea mama. Mwoka mikate alipokuja kujaribu meno yake alianza na mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kinywa kinaendeleaje?"

"Kinanisumbua huku kushoto. Bado hujalala?"

"Namngoja mwanangu. Anatafuta kiti."

"Viti ni shida siku hizi," alisema mwoka mikate, akafungua mdomo, akauma karatasi ya rangi ya kupimia.

Kaburi lilikuwa limechimbwa wiki ileile ya kwanza, kwa sababu mchimba kaburi alikuwa na nafasi. Mvua zilipokaribia alikuja hadi mlangoni, akavua kofia.

"Nifukie au niache?"

"Acha. Anakuja."

"Anayekuja ni wa kuzika au wa kuzikwa?"

"Wa kuzika."

Mchimba kaburi alikwenda akalifunika kwa mabati, akaweka mawe pembeni upepo usije ukayapeperusha.

Mama alikuwa anapungua. Hakukonda, uzito ndio uliomtoka. Mto wa kiti haukubonyea tena, na dirisha likifunguliwa aliinuka juu ya kiti kimo cha kidole, akiendelea kufuma. Fundi wa meno alimfunga kiunoni kwa kamba ya pazia, fundo la kufunguka kwa urahisi.

"Umechoka, mama?"

"Kufa hakuchoshi. Kinachochosha ni kukaa." Mama alihesabu vitanzi vya soksi kwa ncha ya sindano. "Lakini usimkaripie kaka yako. Tangu mdogo ndivyo alivyo. Ukimpa pipi aliificha mpaka ikagandana na karatasi."

"Kisha akaitupa."

"Kutupa? Aliila na karatasi yake."

Kila alipopiga simu, Kipanga alikuwa na habari. Kiti kilifunguka asubuhi, akaenda kuoga, akarudi kikawa kimekwenda. Kingine kilikuwepo, lakini cha nyuma. Kingine kilikuwa cha mbele, lakini kwenye ndege kuukuu, kiti chake hakifunguki chote. Fundi wa meno alimwambia kwamba mama sasa anafungwa kwa kamba. Kipanga aliuliza ni kamba ya aina gani, akashauri apate pana zaidi, isimkate.

Siku iliyofuata mvua ya kwanza alipiga simu saa ya kazi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto.

"Nimekipata! Cha mbele, kwa maili za kawaida, na kwa fedha wanakiuza bei ya gari. Sijawahi kuona thamani kama hii. Nazunguka kidogo, nashuka mara mbili, lakini ni kitanda njia nzima. Na kuna jingine, nitawaambia nikifika."

Alifika siku mbili baadaye, alasiri, amevaa kandambili laini za ndegeni, kapendeza, amelala vya kutosha. Mama alimwona kabla hajavuka kizingiti.

"Baba, umefika."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama alichoma sindano kwenye donge la uzi. Alifungua kamba ya pazia mwenyewe, akasimama, akashika ukuta kwa sababu mlango ulikuwa wazi na palikuwa na upepo. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka jeupe tangu ile Jumanne. Aliketi ukingoni. Rafuni, taya moja baada ya nyingine zilianza kufumba. Fundi wa meno alihisi sakafu inapata joto chini ya nyayo zake. Mama akainua mguu wa kwanza.

"Mama, ngoja," alisema Kipanga. "Usilale kwanza."

Mguu ukabaki hewani.

Akaeleza. Mwezi huu shirika lilikuwa na zawadi. Anayetumia maili kwa kiti cha mbele, kwenda na kurudi, hupewa kiti cha pili cha kurudia kando yake kwa kulipia kodi tu. Alikuwa amekwisha kuandika jina. Jina lilikuwa la mama. Ndege ilikuwa kesho kutwa.

"Kaka," alisema fundi wa meno, "mama amekufa."

"Najua. Lakini pasipoti yake iko hai mpaka mwisho wa mwaka."

"Kaandike jina langu, yeye alale."

"Jina halibadilishwi. Ukilifuta, kiti kimepotea."

"Kipotee."

"Kipotee?" Kipanga alimtazama kama aliyeambiwa amwage maji ya kunywa jangwani. "Dada, viti viwili vya mbele kwa maili za kimoja. Nilimwahidi. Miaka yote hii nilikuwa natafuta hiki hiki."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Fundi wa meno aliyachunguza kama anavyochunguza kinywa, pembe hadi pembe, akaona hadanganyi. Angedanganya ingekuwa rahisi zaidi.

Mama alitazama shuka jeupe, kisha akamtazama mwanawe.

"Ni cha mbele?"

"Cha mbele kabisa, mama. Kinafunguka kikawa kitanda."

"Basi nitalala huko huko," alisema mama. Akashusha mguu sakafuni na kuinama kulitoa sanduku. Taya zikafumbuka.

Uwanjani alilibeba sanduku mwenyewe, kwa sababu lilikuwa zito kuliko yeye na lilimshikilia chini. Afisa wa pasipoti aliangalia picha, akamwangalia mama, akarudi kwenye picha.

"Amepungua," alisema.

"Kidogo," alisema Kipanga.

Afisa akagonga muhuri. Fundi wa meno alibaki nyuma ya kioo mpaka kile kisogo chembamba kikapotea kwenye kona, sanduku likimtangulia.

Mama alipiga simu baada ya siku kadhaa. Nyuma yake yule mwanamke alikuwa anatangaza mlango wa kupandia.

"Umelala, mama?"

"Kiti kinalala vizuri sana, binti yangu. Kina mto, kina blanketi. Mimi ndiye silali. Kila nikinyoosha miguu wanasema tunatua, niketi wima, nifunge mkanda. Nimeona miji niliyokuwa naipangia barua. Kutoka juu yote ni taa."

Kisha simu ikachukuliwa na Kipanga. Alikuwa amemfungulia mama akaunti yake ya maili, kwa sababu kiti kile nacho kilihesabiwa. Mama alikuwa na kadi ya wasafiri wa heshima tayari, akipita mlango wa peke yake, na wahudumu walimpenda kwa kuwa hakuagiza kitu. Tatizo lilikuwa moja, kwamba maili zikikaa muda mrefu bila safari hufa. Ilibidi ziwe zinatembezwa.

"Mrudishe alale," alisema fundi wa meno.

"Nitamrudisha. Mimi ni mwanawe, unadhani sitaki? Ila njia ya kuja huko sasa hivi ni bei rahisi mno. Acha tupate thamani nzuri."

Mvua ilinyesha msimu mzima. Mchimba kaburi alikuja mara mbili kuuliza, na mara zote mbili aliambiwa aache. Maji aliyachota kwa ndoo, mabati akayabadilisha. Daktari naye alipita, akaona kiti kitupu na kamba ya pazia imening'inia kwenye mkono wa kiti.

"Amelala?"

"Yuko safarini."

"Basi angalieni baridi," alisema daktari, akaondoka.

Mwoka mikate alileta meno yake ya juu, yaliyovunjika kwa ganda la mkate wake mwenyewe. Alitazama dirishani kwa mazoea, akakuta kiti kitupu.

"Mama je? Alipata kiti?"

"Alipata. Cha mbele."

"Ana bahati," alisema mwoka mikate.

Fundi wa meno aliwasha mota, akaanza kusugua pale palipovunjika. Plasta ilikuwa inashika vizuri siku hizo, na taya zilikuwa zimerudi kutazama mlango. Ndege ikapita juu ya paa. Taya zote rafuni ziligeuka polepole kuelekea dirishani, zikaachama, zikaifuata mpaka sauti ikafifia. Fundi wa meno alikuwa amezima mota kuzingoja. Zilipomaliza kugeuka aliiwasha tena, akaendelea na meno ya mwoka mikate.