Kovu la Kakenya

Naipanoi alipoambiwa mjukuu wake achanjwe surua upya, roho ilimsita. Utotoni alishachanjwa. Wasichana wengine wa Endulen hawakuitwa, kwa nini Kakenya tu? Na ile damu aliyotolewa mwezi uliopita ilikwenda kwa nani?

Bibi huyu hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Pale chumbani mwa zahanati, mlango ukiwa umefungwa, alimfunua mtoto bega akamwonyesha nesi Angelina kovu dogo. Ndama akichanjwa ugonjwa wa ndigana huvalishwa hereni sikioni, na hakuna mwenye akili anayemrudia. Kovu ndilo hereni ya mtoto. Au ile sindano ya kwanza ilikuwa maji?

Nesi alieleza taratibu kwamba kovu lile ni la chanjo ya kifua kikuu. Ya surua haiachi alama, na kipimo cha ile damu kimeonyesha kinga yake haimo mwilini. Shule ya bweni anayokwenda Kakenya wiki ijayo ina wagonjwa watatu wa surua, na mtoto mwenye VVU akiipata huugua vibaya. Naipanoi alisikiliza amekunja uso. Maneno matamu hayo, alijisemea.

"Bibi, ndama mgonjwa huwa mnamchanja?" nesi aliuliza.

"Anarukwa. Chanjo haimshiki."

Alijibu haraka, kwa fahari ya mfugaji, kisha akatamani asingefungua kinywa.

Nesi akaomba kadi ya kliniki ya mtoto. Naipanoi akaing'ang'ania ndani ya shuka; hakujua kusoma, lakini kilichoandikwa alikijua. Kakenya, miaka kumi na mitatu, anayemeza dawa zake kila jioni bila kukumbushwa, aliichukua kwa upole akasoma. Surua, akiwa na miezi tisa. Dawa za VVU, zilianza akiwa na miaka mitano.

"Koko," alimwita bibi yake, "uliniambia nilianza dawa nikiwa mchanga."

Bibi alitazama sakafu. Nesi wa wakati ule alimfuata bomani na dawa mara tatu, naye akamfukuza mara tatu. Miaka yote hiyo mtoto aliugua, na chanjo haikupata pa kushika.

"Nilikuficha," alisema. "Nilidhani dawa ni sumu."

Aibu ilimjaa hadi masikioni. Kakenya alipandisha mkono wa sweta akamgeuzia nesi bega, nesi akamwambia sasa ana nguvu, safari hii itashika.

Sindano ilipotoka, bibi alinyoosha mkono apewe kadi aihifadhi kama siku zote. Kakenya akaitia mfukoni mwake.