Mgongo wa Mkono

Niliweka mgongo wa mkono juu ya chuma cha mashine ya zamani, nikafumba macho. Claire, anayesimamia mitambo ya redio siku hizi, alikuwa ameiwasha kwa mara ya mwisho. Mashine mpya zimeletwa. Upande wa stesheni kulikuwa na ukimya ule wa siku ambazo treni haiko.

"Papa Okito, usiharakishe," akaniambia.

Wakati wa vita reli ililala. Majani yaliota kati ya vyuma, na mimi, niliyepaka mafuta magurudumu ya treni tangu ujana, niliamka kila asubuhi nikavaa kofia ya kazi nisijue kwa nini. Lakini nilikuwa nimesoma shule ya jioni: Kifaransa, hesabu, umeme kidogo. Sikuwa mtu wa kukaa barazani. Nikajipeleka kwenye redio ndogo ya Mikelenge, nikamwambia fundi Alain anipe kazi.

Redio ile ilikuwa na kompyuta moja. Sauti zote zilipita tumboni mwake: nyimbo, matangazo, majina ya watu waliotafutwa na jamaa zao. Ilipopata joto ilizimika ghafla, hata katikati ya jina la mtu, na ikizimika ilikataa kuwaka hadi kesho. Alain alinieleza kwamba ndani mlikuwa na kidude kidogo kama ukucha, kazi yake kupima joto. Kilichokosekana ni pilote, programu ya kukisoma kidude hicho na kuiambia mashine kinasema nini. Mashine ilikuwa na homa na haikujua. Akaanza kuiandika pilote mwenyewe, huku ukungu wa mto Lualaba ukiingia dirishani na kulala juu ya vitufe.

Mke wangu Mwavita alikuwa ng'ambo, Alunguli, alikokwenda kumtunza dada yake aliyejifungua. Mto ulifungwa akiwa huko. Mitumbwi iliyothubutu kuvuka ilipigwa risasi. Mchana mmoja mama muuza chumvi, aliyevuka kwa siri, alinikuta njiani akanitazama kama anayetazama kivuli. Kule, alisema, wanajua nilifia stesheni. Mwavita amekwisha kukunja kitambaa cha matanga, amepata mwenye mtumbwi, na jioni hiyo hiyo anavuka aje aketi mkekani kunililia. Nikamsihi arudi amzuie. Akajibu kwamba yeye hamjaribu Mungu mara mbili.

Nikakimbilia redio. Pilote ilikuwa tayari, lakini ilitoa namba tupu, nasi hatukujua namba ipi ni ya hatari. Kipimajoto cha zahanati kilikuwa kimeporwa pamoja na vitanda. Kutangaza bila kujua ilikuwa kuiacha mashine izimike kabla ya jina la Mwavita.

Relini tulikuwa na desturi yetu. Treni ikisimama, mpakaji mafuta huweka mgongo wa mkono juu ya chuma kinachoshika mhimili wa gurudumu, akataja jina lake, la baba yake, na la babu yake. Akifika kwa babu, treni iende. Mkono ukimtoka kabla, gurudumu lipumzike. Nyumbani nilifanya hivyo hata kwa pasi ya makaa, na Mwavita alinicheka miaka yote.

Alain akaifungua kompyuta ubavuni. Nikaweka mkono. Okito wa Salumu wa Lutala. Akatazama namba. Tukangoja, nikarudia. Feni ilivuma kama treni inayokuja kutoka Kibombo, na nyuma ya kope zangu nikaona mabehewa yakipita juu ya maji, polepole, bila reli, na Mwavita ameketi dirishani mwa kila behewa. Okito wa Salumu wa Lutala. Okito wa Salumu wa... aï.

"Imefika?" Alain akauliza.

"Imefika, njo hapa. Babu amekataa."

Akaiandika namba ile ndani ya pilote kuwa kikomo. Tukaipepea mashine hadi namba iliposhuka, kisha nikasimama mbele ya mikrofoni na kusoma hotuba niliyoitunga kwa uangalifu, yenye salamu, sababu na hitimisho. Namba ilipanda, ikakikaribia kikomo, lakini nilimaliza. Nikaenda kuketi ukingoni. Jua likazama ndani ya maji. Hakuna mtumbwi uliokuja.

Mto ulipofunguliwa, Mwavita alishuka na furushi lake kichwani kana kwamba ametoka sokoni. Nilimwuliza kama hotuba yangu ilisikika vizuri.

"Hotuba gani, baba Anne? Mimi nilisikia unamuita babu yako, unamuita tena, kisha 'aï'. Nikasema, mufu hawezi kuungua mukono. Nikaenda kuteka maji."

Alain alikuwa ameiacha mikrofoni wazi muda wote. Nilinuna siku nzima.

Sasa Mwavita amelala kwenye makaburi ya Mikelenge, na kitambaa cha matanga nilikikunja mimi. Claire aliniambia kwamba, alipoipekua pilote ya zamani, alikuta kikomo cha joto kimepewa jina la mtu asiyemjua. Lutala ni nani?

Niliacha mkono pale juu ya chuma. Feni ilikuwa inavuma.

"Okito," nikasema, "wa Salumu, wa Lutala." Chuma kilikuwa vuguvugu tu. Nikaendelea, "mume wa Mwavita," na mkono ukabaki palepale.