Bushi za Mpingo

Yunusi aliliondoa gari langu kwenye foleni tarehe tisa Juni, mbele ya madereva kumi na mmoja. Niliwahesabu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia Nachingwea. Likizo ya Juni huendesha kirikuu changu mwenyewe, kigari kidogo cha mizigo, nikibeba ufuta kutoka vijijini hadi ghala la mjini. Yunusi ni mwenyekiti wa kituo tunapopanga foleni ya mizigo, na kituo kina kipimo chake: gari linapakiwa magunia kumi, kisha tofali la kuchoma linapitishwa kati ya ekseli ya nyuma na fremu. Likikwama, springi zimechoka, na gari linapumzishwa hadi litengenezwe; asiyeweza hupumzika msimu mzima.

Kwa wenzangu wote tofali lilipitishwa likiwa limelala. Kwangu alilisimamisha kwa ubavu. Tofauti ni sentimita nne. Nilipolalamika, akageukia watu.

“Madamu, gari lako linasujudu kabla ya adhana. Lipeleke shule likafundishwe.”

Walicheka. Baadaye wakaniambia nisikasirike, ni utani tu. Mimi ni Mhaya. Utani una watu wake, na Yunusi hakuwa mtani wangu. Niliamua atoke kwenye foleni ileile, kwa tofali lilelile, msimu huohuo.

Springi mpya za Mtwara zilikuwa nje ya uwezo wangu. Kijijini Mtua kulikuwa na lori bovu la korosho. Mwenye lori akanipa bapa moja la chuma la springi yake. Nililikata vipande viwili kwa msumeno, siku mbili, bila moto, kwa sababu chuma cha springi kikipashwa moto hupoteza ukakamavu. Kila upande nikaongeza kipande kimoja chini ya mabapa yaliyokuwapo, nikakibana kwa klampu. Gari lilinyanyuka, lakini chuma kile kilikuwa kigumu mno kwa bushi za mpira zinazokaa kwenye masikio ya springi. Siku ya tatu zilikuwa zimesagika.

Nilikwenda Ruangwa kwa Mikidadi, mchonga vinyago. Alinichongea bushi nane za mpingo mkavu, tukazichemsha kwenye oili chafu.

“Miaka thelathini nachonga watu,” alisema, “leo nachonga magoti ya gari.”

Vipande vikavu vilivyobaki nilivinunua vyote. Aliuliza vya nini, nikamjibu ni akiba. Haikuwa akiba.

Tarehe ishirini na moja nilirudi kituoni. Magunia kumi, tofali kwa ubavu, likapita. Nikaomba gari la mwenyekiti nalo lipimwe vilevile. Alisema mwenyekiti hapimwi. Hakuna aliyebishana naye. Madereva wawili walianza tu kupakia magunia kwenye gari lake, na wengine wakafuata. Tofali likakwama. Aliomba siku nne za kutengeneza, wakampa.

Aliiga kazi yangu yote. Bapa alilipata. Mpingo hakuupata, Mikidadi alimwambia mkavu umekwisha, mbichi utapasuka, asubiri mwaka. Siku ya tano alikuja na bushi nyeusi, na tofali likapita. Nilipiga magoti nikachungulia. Kwenye ncha ya bushi moja rangi ilikuwa imekwaruzwa, na ndani mti ulikuwa mweupe. Ulikuwa mkorosho, mti ulioko nyuma ya kila nyumba huku, laini kama sabuni, alioupaka dawa ya viatu. Kwenye bushi zangu alikuwa ameona mti, ameona weusi, basi.

“Madamu, unachungulia nini? Hazijakaa?” Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kujua kweli.

“Zimekaa,” nikasema.

Na zilikuwa zimekaa. Nilikadiria zingesagika safari ya tatu yenye mzigo.

Safari ya kwanza alifika salama. Ya pili tulipakia pamoja kijijini Ruponda. Mkewe, Mwanaima, alikuwa huko kwa dada yake, akataka kurudi mjini. Alikuwa ameshaweka mguu juu ya tairi la gari la mumewe apande kwenye magunia, nikamwambia kwangu kuna kiti. Yunusi alinishukuru.

Nilimfuata kwa umbali wa mita hamsini. Kwenye mteremko wenye makorongo gari lake lilianza kwenda upande, kama mbwa anayekimbia. Bushi zilikuwa zimesagika, ekseli imehama. Tairi likasaga bodi, moshi ukatoka, kisha gari likaingia mtaroni na magunia yakapasuka. Yunusi alitoka kupitia dirishani, mkono wa kushoto ukining’inia.

Nilifunga breki. Mwanaima hakushuka mara moja. Alinitazama, akaitazama nafasi aliyokalia, akanitazama tena.

“Mwalimu, ulijua.”

Nikanyoosha mkono, nikamfungulia mlango. Alikimbia juu ya ufuta uliomwagika, akiteleza, hadi alipomfikia mumewe.

Msimu ule Yunusi hakurudi kwenye foleni. Madereva walinitaka niwe mwenyekiti. Nilikataa, shule ilikuwa imefunguliwa. Hesabu yangu ilikosea safari moja. Mkorosho ni laini kuliko nilivyodhani.