Gari la Kilo Tatu na Robo

Jumamosi asubuhi, siku yake ya mapumziko, mkunga alitundika mizani ya kupimia vichanga kwenye boriti ya baraza, akapitisha ndoano chini ya bampa, akaliinua gari la mumewe kwa mkono mmoja. Mshale ulitulia kwenye kilo tatu na robo.

"Uzito mzuri," alisema kwa mazoea ya kazi.

"Angalia usichubue rangi," alijibu mumewe kutoka dirishani.

Lilikuwa gari dogo jekundu la mbio, la milango miwili. Walilinunua jipya miaka sita iliyopita, kwa fedha za kiwanja ambacho mkunga aliachiwa na marehemu baba yake. Mume aliapa kwamba watalitunza miaka mitatu, waliuze kwa bei ileile, kisha wakikomboe kiwanja. Kutunza alitunza kweli. Viti havikuvuliwa nailoni, na gari halikuwahi kutoka getini. Mkunga aliendelea kwenda kliniki kwa miguu, kilomita nne, goti la kushoto likimlalamikia njia nzima. Mtaa ulimbandika mumewe jina la Bwana Mbio, naye alilipenda.

Gari lilianza kupungua uzito siku lilipofika nyumbani. Mwaka wa kwanza lilipoteza robo nzima ya uzito wake. Asubuhi kiwanda kilipotangaza toleo jipya lenye taa nyembamba, lilipungua mifuko mitatu ya saruji kabla ya chai, na springi zikapumua. Kila bima na vipuri vilipopanda bei lilipungua tena. Mwaka wa tano Bwana Mbio alikuwa akilihamishia kivulini kwa kulisukuma na kidole.

Saa nne alikuja dalali, mtu mpole mwenye desturi ya kuvua kofia mbele ya magari. Aliliinua kwa kiganja, akalirudisha kwenye ndoano taratibu.

"Gari za mbio ndivyo zilivyo, shemeji," alimwambia mkunga. "Mwenye watoto haimtoshi, kijana haiwezi bima. Na mwenye kuijua atauliza imekimbizwa kiasi gani."

"Haijakimbizwa hata siku moja."

"Mimi naamini. Nani mwingine ataamini?"

Bei aliyotaja ilifika nusu ya bei ya kiwanja. Mwashi aliyekinunua alikuwa amekubali kupokea nusu, nyingine alipwe pole pole, mradi aletewe kabla ya Jumatatu, siku ya kuchimba msingi. Mkunga alimgeukia mumewe.

"Baba watoto, tuuze. Tutakosa mwana na maji ya moto."

"Tungoje kidogo," alisema Bwana Mbio. "Kizuri chajiuza."

Dalali alivaa kofia yake. Alipovuka geti, mshale wa mizani ulishuka kilo nzima.

Jumatatu jua lilipochomoza, gari liliachana na ardhi. Lilipanda polepole, umande ukidondoka kutoka kwenye magurudumu, mpaka likawa juu kidogo ya paa. Majirani walitoka na miswaki mdomoni, wakatazama. Tumbo la gari lilikuwa safi kama sahani ambayo haijaliwa, kwa kuwa halikuwahi kuiona barabara, na jua lilipolipiga, uso wa kila mtu uligeuka mwekundu. Muuza mkaa alivua ndala. Mkunga alikuwa ameona mamia ya watu wakiingia duniani, lakini hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Kilikuwa ni kiwanja cha baba yake kinachopaa, na alilia kwa hasira na kwa furaha, asijue kipi kilitangulia.

Bwana Mbio alikuwa ameshapanda kwa ngazi na kufunga mlango. Alishusha kamba dirishani.

"Shika hapo, mama watoto, upepo usinichukue."

"Basi nipandishe. Nimeitwa, kuna mama ana uchungu."

"Na viatu hivyo? Viti vitachafuka."

Mkunga aliizungusha kamba kiganjani, akashika njia. Njia ya kliniki ilipita kiwanjani. Mwashi, aliyekuwa ndani ya mtaro wa msingi mpaka magotini, alitazama juu kwa muda mrefu, akaweka sepetu chini, akasogeza mbao zake ili kamba ipate kupita.

"Pole na safari, dada," alisema.

"Nishapoa," alijibu mkunga. Juu, mumewe alikata usukani kwenye kila kona.

Kliniki alifunga kamba kwenye nondo za dirisha, akaanza kunawa mikono. Mume wa yule mama mwenye uchungu alikuwa amesimama mlangoni, akilitazama gari likielea nje kimya kimya.

"Afadhali leo umeletwa na gari," alisema.

"Hapana, mwanangu," alisema mkunga, akisugua kucha. "Mimi ndiye niliyeileta."