Inspekta Kofia na Kamba ya Katani

Banda la video la Celestin pale Isingiro lilikuwa na sheria moja. Kila Jumapili baada ya misa, dakika kumi kabla kipindi hakijaisha, alisimamisha picha, na kila mtazamaji akatoa maoni yake: muuaji ni nani, na kwa nini. Hicho ndicho kilichowaleta watu. Vipindi vyenyewe vilikuwa vikongwe, vya mpelelezi wa Kijerumani aliyevaa koti la kijivu na asiyevua kofia hata akiwa ndani ya nyumba za watu. Kanda zake ziliachwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao. Watu walimbatiza mpelelezi huyo Inspekta Kofia.

Kijerumani chenyewe Celestin hakukijua hata cha kuombea maji. Alishika maikrofoni, akatazama nyuso, akatunga. Wajerumani wa watu wakawa wanagombania vibanja vya migomba, wanadaiana mahari, wanalogana. Hakuna aliyelalamika. Kwa kudanganya, bwana huyu alikuwa na kipaji cha kuzaliwa nacho.

Hata mama yake mzazi, Joviana, Celestin alikuwa akimdanganya, mwaka wa nane sasa. Alimwambia kwamba Edgar, kaka yake Celestin, amepata kazi Uganda na anasalimia sana. Ukweli ni kwamba Edgar alizama katika Mto Kagera, chini kidogo ya Murongo, walipokuwa wakivusha kahawa kwa njia ya panya. Edgar alikuwa majini na gunia, Celestin ukingoni ameshika kamba ya katani. Tochi za askari zikawaka kwenye mafunjo. Celestin akaiachia kamba, akatimua mbio. Hakuna aliyejua, na aliapa kufa na siri hiyo, maana mama yake aliishi kwa kungoja. Akijua, Celestin atakuwa amemuua na yeye.

Jumapili hiyo kipindi kilikuwa cha wanaume wawili wenye ofisi moja. Mmoja alitoweka, mwingine akawa anamlilia Inspekta Kofia. Celestin alikuwa na uchovu, mvua inapiga bati, akasema la kwanza lililomjia: hawa ni ndugu, tumbo moja. Siku zote alikwepa hadithi za ndugu. Safari hii ilimponyoka, na baada ya hapo maneno yakawa yanatoka yenyewe, naye akayaacha yatoke. Kwenye televisheni yeye aliona meza, simu na makaratasi tu mpaka aliposimamisha picha.

"Haya, maoni," alisema.

Jovitus, fundi baiskeli, ndiye aliyeanza. "Ni huyo mdogo mtu. Mtu anayelia kwa kweli hamkwepi machoni anayemlilia."

"Mimi nakataa," alisema Mwaja, muuza vitenge aliyekuja kutoka Omurushaka. "Hakumuua. Aliachia kamba tu. Ila vile alivyokimbia bila hata kugeuka, hapo nimemchukia kweli."

Celestin alishusha maikrofoni. "Kamba gani, dada Mwaja?"

"Si ile ya katani. Umesahau na umetafsiri mwenyewe?"

"Na ule mto wameuonyesha mno," aliongeza Jovitus. "Mpaka nimeshikwa na baridi. Kumbe na Wajerumani wana mafunjo."

Watu waliguna kukubali. Mwanamke mmoja akasema gunia lile lilikuwa la kahawa, alilitambua kwa jinsi lilivyofungwa. Celestin alirudisha picha nyuma, akaiacha iende bila sauti. Meza. Simu. Makaratasi. Mtu amekaa kwenye kiti.

"Nionyesheni mto uko wapi," alisema.

Walimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Jovitus aliinuka akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya ile simu, akakiburuta taratibu kuelekea chini. "Si huu hapa unashuka," alisema. "Na yeye huyu, kichwa ndicho kinachoonekana."

Celestin aliogopa. Aliogopa zaidi alipokumbuka ni nani aliyekuwa hajasema bado. Mkubwa wa umri hutoa maoni mwisho, na mkubwa alikuwa kwenye benchi la mbele, amejifunika khanga mabegani.

"Mama Edgar, tunakusikiliza," alisema Mwaja kwa heshima.

"Mimi kuhusu muuaji sina neno," alisema Joviana. "Huyo aliye majini ameita mara tatu. Mmesikia anamwita nani?"

Walikuwa wamesikia, ilionekana kwenye nyuso zao, na ghafla kila mmoja akawa anatazama sakafu. Na kweli, siku ile mtoni Edgar alimwita Celestin mara tatu. Naye alikuwa akiisikia sauti hiyo tangu hapo, na hakuwahi kumsimulia mtu.

Joviana alijikongoja akatoka nje kwenye mvua. Dakika kumi za mwisho zilikwenda bila mtafsiri. Inspekta Kofia alieleza yote kwa Kijerumani, na hakuna aliyeuliza amesema nini.

Celestin alipofika nyumbani mvua ilikuwa imekatika. Alimkuta mama yake shambani, panga mkononi. Ameshaangusha mgomba, ameuchambua majani, ameulaza chini. Kwa Wanyambo, kabila lao, maiti isipopatikana, mgomba huzikwa badala yake, na watu hulia kama kawaida.

"Mama," alianza, na uongo ulikuwa tayari mdomoni: Edgar kapiga simu juzi, Edgar anasalimia. Mama yake alimngoja amalize. Hakuwa amekasirika. Macho yake yalikuwa makavu, na hicho ndicho kilichomvunja Celestin, akashindwa kuutamka.

"Mlikuwa kimo kimoja," alisema Joviana. "Lala hapo nipime."

Celestin alilala kwenye majani mabichi, bega lake likigusa ule mgomba uliokuwa ukivuja maji. Mama yake alipiga magoti karibu na miguu yake, akaweka alama kwenye mgomba kwa ncha ya panga, na akakata kilichozidi.