Mikono Iliyonasa Satini

Fundi alikuwa ameshona magauni ya harusi ya watu wengi, lakini hili lilikuwa la wifi yake, dada wa pekee wa mumewe, na wifi ni mtu wa kushonewa kwa tahadhari. Gauni likitoka zuri, watu watasifu kitambaa. Likiharibika, ukoo mzima utajua nani aliyeliharibu.

Nalo lilianza kuharibika kabla hata ya kufika kwenye cherehani. Alipokuwa akilainisha satini juu ya meza alisikia mkwaruzo mdogo, akainua kiganja. Uzi mmoja ulikuwa umenasa kwenye ufa wa kidole gumba ukavutika, ukaacha mstari mwembamba kama unywele katikati ya kifua.

Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Ngozi imepauka, imekaza juu ya vifundo, na nchani mwa vidole imepasuka kama kisigino chenye magaga. Tangu mama mkwe wake aanguke na kuwa mtu wa kitandani, Fundi alifua shuka kila asubuhi, na mara nyingi mchana tena, kwa sabuni kali na dawa ya kuondoa madoa. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akija nyumbani, anakuja kulala. Ndoo ikawa ya Fundi peke yake.

Kwanza alipaka mafuta ya mgando, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Mikono ililainika kweli, ila alipogusa kipande cha mkono wa gauni, alama ya kidole ilibaki pale ikimkodolea macho, na ikambidi akate kipande kingine. Jirani akamwazima losheni ya waridi. Ilinukia hadi barabarani, ikachoma kwenye nyufa kama pilipili, na kabla chai haijapoa ngozi ilikuwa kavu kuliko mwanzo.

"Losheni yako ni mgeni wa mlangoni," alimwambia jirani akimrudishia chupa. "Anapiga hodi, anaondoka."

Ndipo akaenda duka la dawa. Muuzaji, mwanamke wa makamo, hakukimbilia rafu. Alimshika mkono akaugeuza kwenye mwanga.

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Sindano haifanyi hivi."

Fundi aliuvuta mkono wake. "Nauguza pia. Nafua sana."

"Pole, dada." Akamtolea kopo la krimu nzito isiyo na manukato. "Losheni ina maji mengi, kwa ngozi iliyofikia hapa haitoshi. Paka hii mkono ukiwa bado na unyevu, ili unyevu ufungiwe humo ndani. Usiku paka nene, uvae soksi mikononi. Asubuhi nawa, ufute, ndipo ushike kitambaa. Na ukifua, vaa glavu."

"Ninazo. Nikikamua shuka zinateleza, navua."

"Basi afue mwingine angalau mpaka upone. Krimu haiwezi kushindana na ndoo."

Fundi alicheka, maana huyo mwingine hakuwepo.

Wifi alikuja kupima gauni siku chache baadaye. Alisimama mbele ya kioo, macho yakaenda moja kwa moja kwenye mstari ule.

"Hii nini, wifi?"

"Uzi umevutika."

"Umevutwa na nini? Kitambaa nilikuletea kizima."

Maneno Fundi alikuwa nayo, tena ya miezi mingi, yamejaa kifuani kama pini kwenye sponji. Angeweza kuchomoa lolote. Badala yake alinyoosha mikono.

Wifi aliigusa, akarudisha vidole haraka. "Umefanya nini?"

"Anafua," ilisikika sauti ya mama kutoka chumba cha pili. "Ananifulia mimi. Njoo unione, mwanangu. Mlango huu haujawahi kufungwa."

Desturi ya wifi ilikuwa kusalimia kutoka kizingitini, kuacha matunda na kuaga, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, moyo wake haukuweza kumwona vile. Siku hiyo aliingia, gauni likiwa na pini mwilini. Fundi alisubiri kidogo, akamfuata.

Wifi alikuwa amefunua shuka. Miundi ya mama ilikuwa imekauka hadi kutoa magamba, yenye michirizi ya kucha.

"Mama, hii miguu."

"Inawasha usiku. Sikutaka kumwambia mwenzako, ana mengi."

Fundi aliona aibu. Kopo lilikuwa mfukoni mwake siku zote hizo, akiwaza vidole vyake na satini, na miguu ile aliiosha kila siku. Alilitoa akampa wifi. Akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu akaipangusa miguu, na wifi akafuata nyuma yake akipaka, taratibu mno, kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Paka vizuri," mama alisema. "Sivunjiki."

Walipotoka, wifi alivua gauni, akauliza glavu ziko wapi. Alifua shuka vibaya, povu likabaki kwenye pindo, lakini Fundi alizianika hivyo hivyo. Kesho yake wifi alirudi kabla ya kwenda kazini, na kesho kutwa, hadi harusi ikakaribia. Polepole nyufa zikafunga.

Kifua cha gauni ilibidi kikatwe upya.

"Nitachukua kwenye mkia," Fundi alisema. "Utapungua."

"Upungue. Sina hamu ya kufagia ukumbi."

Walicheka, kwa mara ya kwanza pamoja. Kisha wifi, akichezea kipande cha uzi, akasema, "Nikishaolewa nitakuwa nakuja kila Jumamosi."

"Usiniahidi. Njoo tu."

Jumamosi ya kwanza baada ya harusi alikuja. Ya pili hakuonekana, na Fundi akafua mwenyewe, glavu zikimteleza, akimsema wifi kimoyomoyo maneno ambayo hayakuwa yote ya haki. Iliyofuata, alipoamka, alikuta mlango wa nyuma uko wazi. Wifi alikuwa tayari amejaza ndoo, na chumbani mama alikuwa akimwambia asogeze mto, si huko, huku.